Acheni Yote, Twendeni Katuruka!

Nimerudi kutoka Katuruka na bado sijatulia. Nimewapigia simu ndugu, nimewasumbua marafiki wa Mwanza na Dar es Salaam, na sasa zamu ni yenu: kata ya Maruku, iliko Katuruka, Bukoba Vijijini mkoani Kagera, ina njia ya kutembea kwa miguu ambayo kila mpenda miti na kila mpenda kazi za mikono anapaswa kuipita kabla hajakata tiketi ya kwenda kwingine kokote. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Nimetembea mbuga, nimepanda milima, nimekaa kwenye vibanda vya wachongaji wa Mwenge mpaka nikafahamika. Mahali ambapo mti unaota, unavuliwa gome, unachongwa, unasimamishwa kuwa nyumba, na yote hayo unayaona mchana mmoja bila kutoka kivulini, sikuwahi kupakuta.

Unatoka Bukoba mjini kuelekea kusini, unapanda mwinuko, ziwa linabaki nyuma yako, na haipiti saa moja garini kabla hujafika. Halafu unashuka na kuanza kutembea. Hapo ndipo mgeni anaposhangaa. Anatafuta msitu, anauliza msitu uko wapi, kumbe ameshaingia! Kibanja cha Mhaya ni msitu uliopandwa na watu. Chini kuna maharage na magimbi, juu yake mibuni, juu ya mibuni migomba, na juu ya migomba miti mirefu: misambya iliyonyooka ambayo ndiyo nguzo za nyumba za huku, mitoma yenye matawi mapana, na misizi inayokwenda juu mpaka shingo ikuume. Msizi, kwa taarifa yenu, una jina la kisayansi la Maesopsis eminii, na huyo anayetajwa humo ni Emin Pasha, yule yule aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Jua la saa sita linapenya kwa vipande vidogo tu. Ardhi ni laini kwa majani ya migomba yaliyotandazwa. Unatembea na husikii hatua zako mwenyewe.

Sasa nisikilizeni kuhusu mtoma, kwa sababu huu ndio ulionimaliza kabisa.

Mtoma ni mti wa lubugo, ile nguo ya gome ambayo mababu zetu waliivaa kabla kaniki na shuka hazijafika. Mwenyeji wangu alinisogeza kwenye shina moja nene akanionyesha kovu. Fundi anakata duara juu, anakata duara chini, anachana mstari mmoja wa kuunganisha, kisha analichomoa gome zima kwa ustadi, bila kulipasua. Mti unabaki uchi, mweupe. Basi anaufunga kwa majani ya mgomba kama unavyofunga jeraha, na gome linaota tena! Mti mmoja unavuliwa miaka na miaka. Gome lenyewe linalainishwa kwa moto au mvuke, linalazwa juu ya gogo na kupondwa kwa nyundo ya mti iliyochongwa mifereji midogo midogo, na kila pigo linalitanua kidogo. Kipande chembamba kinageuka shuka. Kinaanikwa juani na rangi inaiva mpaka ikawa nyekundu ya udongo. Nilikishika. Kina mistari myembamba sana ya ile nyundo, ukipitisha kidole unaihesabu. Majirani zetu Waganda utengenezaji wao wa nguo ya gome ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mimi nimesimama Maruku nikijiuliza kwa nini sisi wa ng'ambo hii ya mpaka tumenyamaza namna hii.

Halafu msonge, nyumba ya jadi ya Wahaya. Jamani, msonge!

Picha zinadanganya. Kwenye picha unaonekana kilima cha nyasi. Ukiukaribia unagundua kwamba hauna ukuta: paa linaanzia kileleni na kushuka mpaka chini, na mlango umekatwa mbele ukiwa na kipaa chake cha nyasi kilichotokeza kama kope. Unainama, unavua viatu, unaingia gizani. Subiri kidogo macho yazoee. Zinajitokeza nguzo, moja moja, nyingine nene na nyingine nyembamba, zimeng'aa kwa moshi na kwa mikono ya watu. Tazama juu: mabua yamefungwa duara ndani ya duara, kila duara dogo kuliko lililo chini yake, mpaka juu kabisa yanapokutana. Hakuna msumari hata mmoja. Kamba na fundo, basi. Sakafuni zimetandazwa nyasi laini, na mgawanyo wa ndani una utaratibu wake: pa wageni, pa kulala, pa moto, na zamani pa mifugo. Nilikaa humo nikasahau kwamba kuna simu mfukoni. Kama hii si sanaa ya mti, basi sanaa ya mti haipo duniani.

Msonge wa Katuruka una uzito wa pekee kwa sababu ya mahali ulipo. Hapa ni eneo la ikulu ya Rugomora Mahe, Omukama, yaani mfalme, wa Kyamutwara katika karne ya 17, na pia ni pa Kaiija, mahali patakatifu pa mti na chuma. Wazee wanasimulia kwamba Rugomora aliamuru mnara wa chuma ujengwe ufike mbinguni, apate kuona kulivyo. Mnara ukapanda, ukapanda, miguu yake ikazama ardhini, ukaanguka. Simulizi hiyo ingeweza kubaki ya jioni tu, kando ya moto. Lakini mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt wa Marekani aliwasikiliza wazee, akachimba pale walipomwonyesha, na akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya miaka 500 hivi kabla ya Kristo! Miaka 2,500. Simulizi ya wazee ilimwongoza mtaalamu mpaka pale pale pa kupiga jembe.

Na mti uko hata ndani ya chuma. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya ili watafiti waone. Walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu, wakachomea matete ya bwawani ndani yake, wakasimamisha tanuri na kuingiza mirija minane ya udongo. Nyuma ya kila mrija kulikuwa na mivuo, na mivuo ya Kihaya ni vyungu viwili vya mbao vilivyochongwa kutoka gogo moja na kufunikwa kwa ngozi, inayopandishwa na kushushwa kwa vijiti, kwa mdundo, kwa saa nyingi. Makaa ya mti yanaliwa, upepo wa mti unavuma, na donge la chuma linazaliwa. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla haijafika kwenye makaa, ndiyo sababu joto lilikuwa kali kiasi cha kutoa chuma cha pua. Wapo wataalamu waliobishia maelezo hayo, na wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi niliokota kipande cha mavi ya chuma kilichokuwa kando ya njia, cheusi, kizito kuliko kilivyoonekana, chenye alama za makaa na mabua yaliyogandishwa ndani yake. Nilikirudisha pale pale nilipokitoa. Nanyi mkirudishe.

Filamu iliyotengenezwa mwaka 1988 kuhusu ufundi huu iliitwa The Tree of Iron. Itafuteni muione kabla ya safari, mtaelewa mengi.

Kuna kifaa kingine ambacho sikukitarajia. Nje ya nyumba moja tulipopumzika kulikuwa na mtumbwi. Mtumbwi, kilomita kadhaa kutoka ziwani! Huo ni obwato, gogo lililochongwa mviringo na kuchimbwa tumbo, la kukamulia ndizi za pombe. Ndizi mbivu zinamenywa, zinachanganywa na nyasi, zinakanyagwa kwa miguu mpaka maji yatoke, kisha unga wa mtama unatiwa na mchanganyiko unafunikwa uchachuke uwe lubisi. Niliuinamia nikaukagua. Alama za tezo zilikuwa bado zinaonekana kwenye mbavu za nje, zimepangana kama magamba; ndani kumekuwa laini kabisa kwa visigino vya vizazi. Hakuna aliyeuweka pale ili utazamwe. Uko kazini. Mama wa nyumba alituletea akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa za kutafuna, akatukaribisha kwa "waitu" yake ya upole, na nikajua kwa nini watu wa huku wakienda mbali hawaachi kupasimulia.

Niwape kipimo. Huko Uingereza kuna msitu uitwao Grizedale, kaskazini-magharibi, ambako tangu mwaka 1977 wasanii wamekuwa wakialikwa kuchonga kwa mbao na mawe yaliyo pale pale msituni, na watembeaji wanazifuata kazi hizo njiani. Zinaachwa zilowe, ziote kuvu, zioze. Watu husafiri mbali kwenda kuona. Karibu na sisi zaidi, Wagiriama wa pwani ya Kenya wanasimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa heshima ya wazee waliofariki, na kigango hakihamishwi. Kinaachwa mahali pake mpaka mchwa na mvua vikimalize. Vingi viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa Marekani, na mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilirudisha 30 Kenya. Nayataja haya kwa sababu moja. Grizedale iliwabidi waalike wasanii waupambe msitu. Wagiriama walinyang'anywa, wakalazimika kudai. Sisi Kagera tuna kila kitu mahali pake, mti umesimama na kazi yake imesimama kando yake, na bado mtu anashuka Bukoba, anakula sangara pale ufukweni, anapiga picha ziwa, anarudi kwao.

Wazee wa Katuruka hawakukubali iwe hivyo. Kuanzia mwaka 2008 waliungana kwa kamati yao kuifufua sehemu hii, wakamshirikisha Schmidt, wakajenga upya majengo ya jadi na kuanza kupokea wageni. Hiyo ndiyo sehemu inayonipendeza kuliko zote. Wenye mahali ndio walioanza.

Wenye miguu yenye nguvu msiishie Maruku. Endeleeni kusini mpaka Kemondo, bandarini, ambako akiolojia pia imekuta matanuri ya kale, kisha mwingie Muleba mkapande Kamachumu. Huko juu uwanda unafunguka, upepo unabadilika, vibanja vinafuatana hadi ukingoni, na katikati yake kuna rweya, yale maeneo mapana ya nyasi ambayo kwa vizazi ndiko zilikotoka nyasi za kuezekea misonge. Sehemu kubwa ya rweya sasa imepandwa mikaratusi na misonobari. Mbao ni fedha, sikatai, na watoto wanasomeshwa kwa hizo mbao. Ila nyasi za msonge hazioti chini ya mkaratusi, na paa la nyasi lina umri wake. Lisipoezekwa upya linaoza, na fundi asipoitwa kazini hana kijana wa kumrithisha. Ninyi mlio na rweya ya ukoo Muleba na Bukoba, acheni hata kipande kimoja cha nyasi. Naomba kabisa.

Kwa wanaotoka mbali: ndege zinatua Bukoba, mabasi yapo, na meli ya MV Victoria iliyokarabatiwa ilirudi majini mwaka 2020 kati ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo. Mimi nitasema meli, kwa sababu ukiamka alfajiri ukaona ile miamba ya pwani ya Kagera na kisiwa cha Musira mbele yako, safari imeshajilipa. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mikavu zaidi. Nje ya hapo beba koti la mvua, maana Bukoba haiombi ruhusa kunyesha. Vaa viatu vinavyovuliwa kirahisi, kwa ajili ya msonge. Usipite kwenye vibanja vya watu peke yako. Vile ni viunga vya nyumba na makaburi ya wazee wao yamo humo. Chukua mwenyeji wa pale pale kijijini, salimia wakubwa kwanza, uliza kabla ya kupiga picha, na lipa kiingilio chote bila kuvutana bei, kwa sababu fedha hiyo ndiyo nyasi za paa.

Likizo ya Juni inakuja. Wachukueni watoto, hasa wale waliozaliwa mjini, muwapeleke wakashike lubugo kwa mikono yao wenyewe.