Sifa za Njia Ndefu

Kikokotoo hakidanganyi, ila hukatiza maneno. Kiambie kigawanye 1 kwa 3, kitajaza tatu kiooni kisha kinyamaze, nawe usijue kama tatu zimekwisha au ni kioo ndicho kilichokwisha. Aliyeshika kalamu hana shaka hiyo. Anateremsha sifuri, anapata 10, anaandika 3, linabaki 1. Anateremsha nyingine: 10, 3, baki 1. Basi, aweke kalamu chini. Baki limerudi lilikotoka, na yote yatakayofuata yameshajulikana.

Kugawanya kwa njia ndefu ni kazi ambayo wengi tuliichukia darasani, tena kwa haki, maana tulifundishwa kutazama jibu tu. Utamu wake umo kwenye mabaki. Gawanya 1 kwa 7: mabaki ni 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 tena. Ukigawanya kwa 7, baki haliwezi kuwa nje ya 1 hadi 6 (likiwa 0, kazi imekwisha), kwa hiyo lazima mojawapo lijirudie, na tarakimu 142857 zizunguke nalo bila kikomo. Sasa zidisha 142857 kwa 7. Unapata 999999.

Hapo ndipo ubishi huanzia. Moja ya saba mara saba ni 1, hakuna anayekataa. Lakini 0.999…, tisa zisizokoma, nayo ni 1? Wengi hujibu kwamba imekaribia tu, kana kwamba namba hiyo iko safarini. Namba haisafiri, ni sisi tunaochoka kuiandika.

Njia ndefu yenyewe inalionyesha jambo hili. Gawanya 1 kwa 1, ila ugawe kama muuza nafaka anayepunja kipimo. Badala ya 1, andika 0, linabaki 1. Teremsha sifuri, upate 10. Ungeweza kutoa 10 zote, lakini toa 9; linabaki 1. Endelea hivyo hivyo na jibu litakuwa 0.999… Kila hatua inalipa deni la hatua iliyotangulia, isipokuwa sehemu yake ya kumi, na hakuna hatua ya mwisho ambamo deni lingejificha.

Leonhard Euler alifikia hayo hayo kwa njia nyingine katika kitabu chake cha aljebra kilichotoka St. Petersburg mwaka 1770: 9.999… ni 10 kamili. Macho yake yalikuwa yamefifia, na inasimuliwa kwamba kitabu alimtajia kwa mdomo kijana aliyekuwa amejifunza ushonaji, si hesabu, naye akaelewa alichokuwa akiandika.

Kwa mtindo huo, nusu huandikwa 0.5 au 0.4999…, na robo 0.25 au 0.24999… Kila desimali yenye mwisho ina pacha wa namna hii, isipokuwa sifuri. Kwenye sifuri hakuna cha kupunja.