Sauti Inayojua Kushangaa

Mtoto wa miaka minne akihesabu na kufika tatu, hushangaa. Kwake hiyo tatu ni jambo lililotokea sasa hivi, na yeye ndiye wa kwanza kuliona. Mwigizaji anayempa sauti mtoto wa aina hiyo katika katuni hana budi kushangaa vivyo hivyo, tena si mara moja. Atashangaa anaporekodi kwanza. Atashangaa tena fundi wa mitambo akimwambia kwamba pikipiki imepita nje na mlio wake umeingia. Atashangaa mara ya saba kwa sababu muongozaji anataka sentensi iishe upesi kidogo. Kila mara tatu iwe mpya, na kicheko kinachoifuata kitoke moyoni. Mtoto aliyekaa mkekani nyumbani akisikia uongo kidogo tu katika kicheko kile, atainuka aende zake barazani kucheza.

Mji wa Kale wa Mombasa ni mahali pazuri pa kuusikiliza ufundi huu bila kuona picha. Vichochoro vya Kibokoni na Kuze ni vyembamba, dirisha la huyu linatazamana na dirisha la yule, na televisheni ya jirani unaisikia yote hata usipotaka. Jioni, watoto wakisharudi kutoka chuo cha Kurani na kuvua kanzu na mitandio, unapita njiani na sauti zinakufuata nyumba kwa nyumba. Msichana mdogo anauliza swali, kiboko anamjibu taratibu, simba mdogo anacheka. Ukishazizoea sauti hizo, huna haja ya picha. Msichana huyo ni Akili.

Akili ni mtoto wa miaka minne anayeishi na jamaa zake chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala, huingia Lala Land, nchi ya ndoto, na huko hujifunza herufi, namba na namna ya kuishi na wenzake pamoja na marafiki zake wanyama. Kipindi chenyewe, Akili and Me, hutengenezwa na Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 2013 na kikundi kidogo, wakiwamo Nisha Ligon, Rajab Semtawa, Tom Ng'atigwa na Cleng'a Ng'atigwa. Walianza na Ubongo Kids, katuni ya hisabati na sayansi iliyoonyeshwa TBC1 kuanzia Januari 2014, kisha wakawageukia wadogo zaidi. Huku Kenya, mwishoni mwa Machi 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa ajili ya korona, ilianza stesheni ya watoto iitwayo Akili Kids!, ambayo licha ya jina lake si ya Ubongo, na vipindi vya Ubongo vikawa miongoni mwa vilivyoonyeshwa humo. Hivyo watoto wa mtaa wetu wakapata rafiki kutoka Tanzania wakati ule ule walipokatazwa kutoka nje.

Watafiti wamewahi kuupima mchango wa kipindi hicho. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwalinganisha watoto wa shule za awali mjini Morogoro, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 walioangalia Akili and Me waliwazidi wenzao katika mambo kama kutambua maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Nausoma utafiti huo kwa furaha, lakini kuna jambo ambalo kipimo cha namna hiyo hakiwezi kulishika. Namba zile zilimfikia mtoto kwa njia ya koo la mtu, na koo lile lingekuwa limechoka, somo lisingefika.

Kazi yenyewe huanza katika chumba kitupu. Katika katuni nyingi sauti hutangulia na picha hufuata. Mwigizaji hurekodi maneno yote, kisha wachoraji huchora midomo ifunguke na kufumba kwa kuifuata sauti yake. Kwa hiyo anaposema na kiboko, hakuna kiboko. Hakuna mlima wala mti. Pengine hata mwenzake wa kujibizana naye hayupo, amerekodi jana au atarekodi kesho. Kuna maikrofoni, karatasi, na kioo ambacho nyuma yake amekaa mtu mwenye vipokeasauti masikioni. Dunia yote ambayo mtoto ataiona inatoka katika pumzi ya mtu mmoja aliyesimama wima asisogee.

Asisogee, kwa sababu maikrofoni haisamehe. Herufi p na b husukuma upepo ukaipiga maikrofoni kwa kishindo, basi mwigizaji hujifunza kugeuza uso kidogo anapozifikia na kurudi mahali pake kabla ya irabu kwisha. Herufi s huvuma. Bangili hazivaliwi, wala nguo inayochakarisha. Tumbo likinguruma kwa njaa, husikika. Na ndani ya masharti yote hayo sauti iwe huru, iruke, ikimbie, ianguke mtoni. Mwili umefungwa na sauti inacheza. Mimi sijui kazi nyingine inayomtaka mtu kutulia hivi huku akichangamka hivi.

Kuna sauti zisizo na maneno ambazo hatuzitii maanani kabisa: mguno wa anayenyanyua kitu kizito, pumzi ya aliyekimbia, kutafuna, kupiga chafya, kushtuka, kulia kwa kwikwi. Kila moja hurekodiwa peke yake. Mayowe huachwa mwisho wa siku, maana yakitangulia hukwaruza koo na kazi iliyobaki huharibika. Mel Blanc, Mmarekani aliyekuwa sauti ya Bugs Bunny kwa miongo mingi, alitafuna karoti za kweli mbele ya maikrofoni kisha akazitema ili aendelee kusema, kwa kuwa hakuona kitu kingine chenye mlio wa karoti isipokuwa karoti. Wengine huona hilo ni kituko tu. Kwangu ni uaminifu: mtoto anajua karoti inavyolia mdomoni, na yule bwana hakutaka kumdanganya.

Katuni ikitoka lugha moja kwenda nyingine, mambo hupinduka. Sasa midomo imekwisha kuchorwa, na mwigizaji ndiye wa kuifuata. Anayetia sauti ya Kiswahili hupata kazi nzito, kwa sababu maneno yetu ni marefu na karibu yote huishia kwa irabu, mdomo ukiwa wazi. Midomo ya yule mhusika imefumba mwishoni mwa sentensi, nawe unaachama. Hapo mfasiri na mwigizaji hukaa pamoja wakitafuta neno lenye m, b au p mahali penyewe. Bahati nzuri Kiswahili kina hazina ya maneno yanayoanza kwa m, mtoto, mti, mlango, mkono, na kila moja hufumba midomo kwa nukta moja. Aliyebobea hulipenyeza neno kama hilo pale panapostahili, na mtazamaji haoni kwamba kuna lililofanyika.

Ufundi mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa mtu mzima kuwa mtoto. Duniani kote wavulana wengi wa katuni wamepewa sauti na wanawake, kwa sababu mtoto wa kweli hukua na sauti yake huvunjika, na mhusika lazima abaki vile vile miaka nenda miaka rudi. Masako Nozawa wa Japani, aliyezaliwa 1936, amekuwa sauti ya Goku wa Dragon Ball tangu 1986. Nancy Cartwright amekuwa Bart Simpson tangu 1987. Anayedhani siri ni kupandisha sauti juu, akijaribu atapata mtu mzima anayebana pua. Siri imo katika pumzi. Mtoto hapangi pumzi. Huivuta katikati ya sentensi, mahali pasipotarajiwa, kwa kuwa wazo limemfikia kabla hewa haijamtosha. Huivuta silabi ya kabla ya mwisho ikawa ndefu, kisha akalitupa neno linalofuata kwa pupa. Mwigizaji mzuri huyatenda haya bila kuharibu matamshi. Haigeuzi r kuwa l kila mara ili aonekane mdogo, maana anayemsikiliza anajifunza kusema kutoka kwake.

Halafu kuna kunyamaza. Vipindi vya watoto wa umri huu huuliza swali kisha hungoja. Kule Marekani, Blue's Clues kilichoanza mwaka 1996 kilipata sifa kubwa kwa ajili ya kungoja huko, na Ubongo Kids walipoanza walikwenda mbali zaidi, wakawaacha watoto wajibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Lakini mngojo haufanyi kazi wenyewe. Neno la mwisho kabla ya kimya lazima libaki limeinuka, lisitue, ili mtoto ahisi kwamba asipojibu yeye, hapana atakayejibu. Likitua, mtoto hungoja aambiwe.

Na hapo ndipo mtu wa pwani anapotambua kitu chake. Paukwa! Pakawa! Bibi zetu walikataa kuendelea na ngano mpaka chumba kizima kiitike, na akiitika mmoja kwa uvivu waliuliza upya. Sungura wao alisema harakaharaka, ulimi ukikimbia kuliko akili ya anayedanganywa. Fisi alisema puani, kwa uzito, akichelewa kuelewa. Hawakuwa na maikrofoni wala picha, na usiku taa ilikuwa moja. Edward Steere alipochapisha ngano za Waswahili mwaka 1870 alituhifadhia maneno, nasi tunamshukuru, ila sauti zilibaki kwa bibi. Mombasa haijawahi kukosa watu wa sauti. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town ng'ambo ya kisiwa, aliyefariki Februari 2025, alianza kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, na kwa miongo mingi Wakenya walimtambua kwa neno la kwanza tu alilotamka redioni.

Ndiyo maana natamani sana kusikia sauti ya hapa katika katuni. Kiswahili cha Dar es Salaam watoto wetu wanakielewa barabara, hata hukiigiza wakicheza, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa Mji wa Kale ambaye nyumbani huambiwa ndoo uoshe kitwa, yaani njoo uoshe kichwa, na kwenye televisheni hajamsikia mhusika hata mmoja akisema hivyo, ataamini kwamba lahaja ya bibi yake ni ya jikoni tu. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kina t mbili ambazo ulimi huzigusa mahali mbalimbali, na kina pumzi inayosindikiza k na p katika baadhi ya maneno. Mwigizaji kutoka kwingine atafundishwa haya kwa miezi. Mzaliwa wa Kuze anayo tangu alipoanza kusema.

Na vifaa havikosekani. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene zinazozuia makelele kuliko matofali ya kisasa. Hatua chache kutoka Fort Jesus ipo Swahilipot Hub, ambako vijana hufanya maigizo, muziki na redio yao wenyewe. Kurekodi kutapangwa kufuata adhana, kama tunavyopanga kila shughuli mjini hapa. Watengenezaji wa katuni wa Dar es Salaam na Nairobi, njooni mfanye majaribio ya sauti Mombasa. Msiwaite wasomaji wa habari peke yao. Waiteni pia walimu wa nasari, waghani wa tenzi, na kina mama wanaosimulia ngano harusini mpaka watoto wakasahau kulala.

Nanyi wazazi wenzangu, kipindi kikimalizika msiizime televisheni upesi. Acheni majina yapite, na yale ya waliotoa sauti muwasomee watoto, moja moja.