Uzito wa Mamba

Kwa hesabu, mamba wangu, kichwa kidogo cha treni, alipaswa kuwa na gramu 194 tu. Yule wa kweli alikuwa na tani 128. Mpunguze mara 87 kwa urefu, mara 87 kwa upana na mara 87 kwa kimo, haibaki hata robo kilo. Lakini nilipomweka kwenye mizani ya jikoni alipita nusu kilo. Aliyemtengeneza alijua anachofanya. Kichwa cha treni chenye gramu 194 kingevuta nini? Kingezungusha magurudumu palepale, kama lori lililonasa kwenye tope, mabehewa yakikitazama. Basi fundi akamjaza zinki, akamfanya mzito kupita haki yake, na kwa uongo huo akampa nguvu ya kufanya kazi ya ukweli.

Ninaishi Ujerumani kusini, na huku wapenzi wa treni ndogo ni wengi. Wana vyumba vya chini ya nyumba vilivyojaa reli, milima ya plasta na vituo vyenye taa. Nilipoanza kukaribishwa humo nilidhani nimeingia kwa watu wazima walioshindwa kuachana na vitu vya utotoni. Ilinichukua muda kuona kwamba wanashughulika na swali gumu: ukikidogosha kitu, udanganye wapi na wapi useme kweli?

Mamba mwenyewe alizaliwa na shida. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Uswisi, nchi isiyo na makaa ya mawe ya kutosha, ilibanwa vibaya, kwa kuwa makaa yake yalitoka nje na treni zake zilikula makaa. Ilichokuwa nacho ni maji yanayoporomoka milimani, yaani umeme. Reli ya Gotthard, iliyofunguliwa mwaka 1882 pamoja na handaki lake la kilomita 15, ndiyo iliyosumbua zaidi: katika kila mita elfu, treni hupanda mita 26 au hata zaidi kidogo, tena kwa kona mfululizo. Pale Wassen njia inajizungusha ndani ya mlima hata abiria wakaliona kanisa lilelile mara tatu, kwanza likiwa juu yao, mwisho likiwa chini.

Mlima wa namna hiyo unataka mashine yenye nguvu, na nguvu siku zile ilimaanisha mota kubwa na mwili mrefu. Mwili mrefu haukunji kona. Wahandisi wakaukata vipande vitatu. Katikati wakaweka transfoma na vyumba vya madereva. Mbele na nyuma wakaweka pua mbili ndefu zenye mota, kila moja juu ya magurudumu yake yaliyofungwa pamoja kwa mikono ya chuma. Kwenye kona pua hugeuka kwanza, kiwiliwili kikafuata. Kati ya 1919 na 1922 zikaundwa 33 za aina hiyo, Ce 6/8 II kwa jina la karatasini. Zilitoka kiwandani zikiwa za kahawia, kijani kikaja baadaye, na ukiziona katika kijani hicho huulizi kwa nini ziliitwa mamba.

(Aliyefika makumbusho ya reli ya Nairobi atamkumbuka Mount Gelai, lile dubwana la treni la aina ya Garratt lililotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950. Hilo lilitumia mvuke, na lilipita kwenye reli ya upana wa mita moja, lakini wazo ni lilelile: mwili uliogawanywa sehemu tatu ili kona ipitike. Nilipomwona mamba kwa mara ya kwanza nilihisi nimemwona ndugu yake.)

Wa kwangu ni wa Märklin, kampuni ya mji wa Göppingen iliyoanza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vya jikoni vya bati, vya kuchezea wanasesere. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya Leipzig, ilileta treni ya ufunguo inayozunguka juu ya reli yenye umbo la nane. Werevu wake ulikuwa kwamba reli ile ilikuwa na nyongeza: leo mzazi ananunua duara, Krismasi ijayo ananunua kona na daraja. Biashara ya kumfunga mteja maisha haikuanza na simu za mkononi. Kipimo kinachotumiwa zaidi sasa, kile cha mara 87, huitwa H0, yaani nusu ya sifuri, kwa sababu ni takriban nusu ya kipimo cha zamani kilichoitwa sifuri. Mwalimu wa hesabu atacheka, lakini relini nusu ya sifuri ina upana wa milimita 16.5. Märklin ilianza kuuza treni za upana huo mwaka 1935, na mamba wa kipimo hicho akatoka mwaka 1947, miji mingi ya Ujerumani ingali kifusi.

Sasa hesabu uongo wake. Kona ya kawaida ya reli hizi ina nusu kipenyo cha milimita 360. Ikuze mara 87 upate mita 31, kona ambapo treni ya kweli ingeacha reli na kuingia shambani. Kona ya Gotthard ya karibu mita 300, ikidogoshwa kwa haki, ingetaka duara la kipenyo cha mita 7, na handaki lenyewe lingekuwa na urefu wa mita 172. Nani ana sebule hiyo? Isitoshe, kingo za magurudumu ni nene kupita kiasi, na katikati ya mataruma kumepangwa vinundu vya chuma vinavyompa mamba umeme kutoka tumboni, ilhali yule wa kweli aliupata juu, kwenye waya.

Wapo wasiovumilia hayo. Wajerumani huwaita wahesabu ribiti: watu wanaoleta picha ya mwaka 1925 na kukuonyesha kwamba ubavuni pamepungua ribiti mbili. Nawaheshimu, maana bila wao viwanda vingelala. Lakini wengi wao huishia kuweka treni ndani ya kabati la kioo, na treni isiyotembea mimi naihesabu kuwa sanamu.

Wangu pia alikuwa sanamu. Nilimnunua kwenye gulio la vitu vikuukuu, muuzaji akiapa kwamba anakimbia. Nyumbani alinguruma tu. Nilimfungua juu ya gazeti nikakuta mafuta ya miaka mingi yamegeuka gundi ya rangi ya asali. Kazi ilinichukua jioni tatu: kulowesha kila gia kwa petroli ya kiberiti, kukwangua kwa kijiti cha meno, kufuta, kurudia. Mota hizi za zamani zina brashi mbili zisizofanana, moja ya kaboni na nyingine ya wavu wa shaba, na ukizipachika hovyo utajuta. Kisha mafuta mapya, tone moja kwa ncha ya sindano. Matone mawili yatarushwa hadi kwenye reli, magurudumu yateleze, na uanze upya.

Jioni ya nne nilimwita jirani yangu, mzee mstaafu ambaye chumba chake cha chini kina reli nyingi kuliko stesheni ya wilaya. Nilifungua umeme, mamba akaruka mbio. Mzee akaushika mkono wangu, akarudisha kitasa taratibu. Yule wa kweli aliruhusiwa kilomita 65 kwa saa. Kwa mdogo hiyo ni kama sentimita 21 kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayetambaa. Kukimbiza treni ndogo kila mtu anaweza. Kuiondoa kituoni bila kuishtua, mabehewa yakinyooka moja baada ya jingine, hapo ndipo kuna ufundi. Mzee akapiga magoti hadi jicho likawa sawa na reli. Nami nikapiga. Kutoka pale chini kona ya uongo haikuonekana tena. Tuliona mikono ya chuma ikipanda na kushuka, pua ikigeuka, kiwiliwili kikifuata.

Mmoja wa mamba wa kweli, namba 14253, bado anatunzwa na taasisi ya urithi ya reli za Uswisi, na anaweza kutembea. Wewe ukitaka mdogo wake, usinunue kwa kiapo cha muuzaji. Mgeuze chali, mnuse kama mafuta yameoza, chunguza zinki kama ina nyufa, kisha omba umwone akienda polepole.