Hesabu ya Waliofika Langoni

Mwaka 1947 daktari J. C. Carothers, aliyekuwa akisimamia Hospitali ya Mathari mjini Nairobi tangu 1938, alitoa makala juu ya maradhi ya akili kwa Waafrika wa Kenya. Alihesabu Waafrika 558 waliopokewa hospitalini humo katika miaka mitano, 1939 hadi 1943. Akaigawa idadi hiyo kwa miaka, kisha kwa wakazi wa nchi, akapata wagonjwa 3.4 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Kwa Uingereza na Wales alitaja 57. Juu ya tofauti hiyo alijenga hoja kubwa: kwamba wazimu ni haba kwa Mwafrika kwa sababu maisha ya kijijini hayamtwiki mzigo wa kujiamulia mambo yake. Hoja hiyo haikubaki chuoni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitoa kijitabu chake kilichoeleza Mau Mau kwa njia ya maradhi ya nafsi, kana kwamba ardhi haikuwa na neno. Yafaa basi tuitazame ile 3.4 kwa makini.

Kugawanya kwake hakuna kosa. Lililo na shaka ni kile alichokigawanya. Wale 558 si Waafrika waliougua. Ni waliofika langoni. Ili mtu afike Mathari zamani hizo, kwa kawaida ilibidi kwanza awaogofye watu, akamatwe, kisha itolewe amri ya kumweka. Aliyekosa usingizi mwezi mzima, mama aliyejifungua akawa hataki kumtazama mwanawe, mzee aliyeketi kivulini bila kusema na mtu: hao waliangaliwa na ndugu au walipelekwa kwa mganga, na daftari la hospitali halikuwajua. Si ajabu Carothers akaona kwamba huzuni nzito ni nadra kwa Waafrika. Mwenye huzuni hamsumbui jirani. Nani angemfunga kamba na kumpandisha garimoshi? Tena chombo cha pishi moja hakitoi pishi mbili, hata ghala ikijaa nafaka. Na hospitali haipokei kuliko vitanda vyake.

Idadi ya wakazi nayo ilikuwa ya kukisia, maana hesabu kamili ya kwanza ya watu wa Kenya ilifanywa 1948. Mwanafunzi mwenye kalamu na arudi nyuma: 558 kwa miaka mitano ni karibu 112 kwa mwaka, na 112 ikiwa ndiyo 3.4 katika kila 100,000, watu walikadiriwa kuwa kama 3,300,000. Hesabu ya 1948 ilikuta zaidi ya 5,000,000. Haki yanilazimu kusema kwamba sahihisho hili laipunguza 3.4, haliiongezi, wala halinisaidii mimi ninayemkosoa. Lakini laonyesha jinsi nchi nzima ilivyopimwa kwa kamba isiyo na urefu maalumu.

Wanaokaa Nairobi wanalo jambo la namna hiyo karibu nao. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya 2009 ilipata kama 170,000. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba humo wamo wagonjwa 1,000. Katika milioni ni mmoja kwa kila elfu. Katika 170,000 ni karibu sita. Hakuna aliyeugua wala aliyepona.

Carothers aliona pia kwamba waliotoka makwao kwenda kazini walipokewa kwa wingi kuliko waliobaki vijijini, akasema mambo ya kigeni ndiyo yaliyowavunja. Huenda. Lakini kibarua akipotewa na akili mjini hana shangazi wa kumficha: bwana wake anamwona, na polisi anamwona.

Njia nyingine ni kuwaendea watu badala ya kuwangoja. Mwaka 2004 watafiti waliwafuata watu wazima majumbani katika eneo la Maseno, karibu na Kisumu, wakawauliza habari za usingizi, uchovu, hasira na wasiwasi. Walikuta 10.8 katika kila 100 wana maradhi ya kawaida ya akili. Mwaka 2013 walirudi wakapata 10.3. Asije mtu akaiweka 10.8 kando ya 3.4 na kupiga kelele kwamba maradhi yameongezeka. Moja yahesabu waliolazwa kwa mwaka. Nyingine yahesabu wanaougua siku ile ya kuulizwa, nao wengi wao hawakuhitaji kitanda.

Wala asiichukue akaipeleka Kisumu Ndogo ya Kibera, ati kwa kuwa jina la mji limehamia huko pamoja na watu. Maseno mtu ana shamba na kaburi la babu yake; Kisumu Ndogo ana chumba na kodi ya mwisho wa mwezi. Ukimwuliza kama ana wazimu, atakufukuza. Ukimwuliza kama ana mawazo, atakupa kigoda. Anayetaka idadi ya mahali hapo itambidi apite vichochoro vyake mwenyewe, tena jioni au Jumapili, kwa maana mchana wa siku ya kazi milango mingi ataikuta na kufuli.