Senema ya Vita: Journey's End

Wengi wetu tumezoea kuona katika senema za vita mizinga, moshi, na mashujaa wasiojua hofu. Senema ya Kiingereza iitwayo Journey's End, aliyoiongoza Saul Dibb mwaka 2017, si ya namna hiyo. Asili yake ni mchezo wa jukwaani wa R. C. Sherriff, ulioonyeshwa kwanza London mwaka 1928. Sherriff mwenyewe alikuwa ofisa katika vita ile, akajeruhiwa mwaka 1917. Basi aliandika aliyoyajua.

Habari zake ni za Machi 1918, karibu na mji wa Saint-Quentin katika Ufaransa. Maofisa wachache wamo shimoni chini ya ardhi, wakingojea Wajerumani washambulie. Mkubwa wao, Kapteni Stanhope, ni kijana hodari. Lakini vita imemchosha, naye hujitia nguvu kwa ulevi. Ndipo anapofika Raleigh, aliyesoma naye shule moja, na dada yake Raleigh ndiye msichana ampendaye Stanhope.

Siku moja Raleigh aandika barua ya kwao. Stanhope, akiogopa kwamba siri yake imefichuliwa, ampokonya. Osborne, ofisa mtu mzima aliyekuwa mwalimu, aisoma kwa sauti. Haina neno la ulevi hata moja. Ni sifa tupu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo moyo wa hadithi. Hapana risasi iliyolia, lakini Stanhope amechomwa kuliko kwa risasi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jukwaani, Osborne na Raleigh watumwapo kumkamata adui, watazamaji hubaki shimoni na kusikia kishindo tu. Senema yatutoa nje tukaone wenyewe. Hatuilaumu kwa kutumia uwezo wake. Lakini nje tuliona vita, na ndani tuliona watu. Osborne harudi. Usiku ule maofisa wenzake wala kuku na kunywa mvinyo, na Raleigh hawezi kuketi nao. Karamu ile yatisha kuliko kishindo chote.

Je, senema hii yasifu ulevi? La. Yatuonyesha kwamba chupa haikumponya Stanhope hofu yake, iliificha tu. Shambulio likaja tarehe 21 Machi, likamkuta vile vile. Basi tumwonapo mtu aliyerudi vitani akiyumba njiani, tusifanye haraka kumcheka. Kwanza tuulize amebeba nini.