Jirani wa Mwanasheria

Shahada ya kwanza ya sheria nchini Uganda ni ya miaka 4. Mwanafunzi husoma mikataba, jinai, katiba, ardhi na ushahidi. Husoma pia kesi ya Donoghue iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932: konokono aliyedaiwa kuwamo katika chupa ya soda ya tangawizi, na Jaji Atkin akiuliza, jirani yangu kisheria ni nani? Swali zuri mno! Ila tukiwaomba wanafunzi walieleze kwa Kiswahili, wengi hukwama. Abiria wa bodaboda aliyevunjika mguu atawaelewaje? Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hata somo moja la istilahi za sheria, mwaka wa pili, lingefaa. Nasi tuko tayari kulifundisha.