Uraka Hupimwa Chini ya Mkorosho

Kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi, ukiwa njiani kati ya Nachingwea na Ruponda, au ukikata kuelekea Ruangwa, pua hukupa habari kabla ya macho. Mabibo, matunda ya mkorosho, yameiva. Korosho zina wenyewe: zitaanikwa, zitapimwa kwenye chama cha msingi, zitaingia ghalani na kupigwa mnada chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Bibo halina mnada. Linabaki chini ya mti, ingawa uzito wake ni mara tano hadi kumi ya ule wa korosho iliyoning'inia kwenye ncha yake. Anayelitaka huliokota, na wengi wanaoliokota wana nia moja: uraka, pombe ya mabibo.

Wapo wanaoamini kwamba pombe ya kienyeji ni pombe tu. Ikilevya imefaulu, isipolevya imeharibika. Kwa kipimo hicho mwongozo huu hauna kazi. Lakini kaa kilabuni karibu na wazee uwasikilize wakibishana: uraka huu umetoka shamba la nani, umekamuliwa saa ngapi, kwa nini ule wa juzi uliwakaba koo. Hawapotezi muda. Pombe ya mtama mpishi hodari anaweza kuirekebisha njiani, akaongeza kimea, akaongeza moto, akaiacha siku moja zaidi. Uraka hauna nafasi hiyo. Haupikwi, hautiwi hamira, hautiwi kimea. Ni maji ya tunda yakichachushwa na chachu iliyokuwa imekaa juu ya ngozi ya tunda lenyewe. Kwa hiyo anayetaka kujua uraka mzuri, na zaidi anayetaka kuukamua kwa mara ya kwanza, aanze na bibo.

Watu wengi huanza na rangi. Mekundu au manjano? Utapata mabingwa wa pande zote mbili, na mimi nashauri uwaache wabishane. Mikorosho mingi ya zamani ilipandwa kwa mbegu, na mkorosho wa mbegu haufanani na mama yake. Mti mmoja hutoa mabibo matamu, jirani yake hatua kumi pembeni hutoa mabibo ya kukunja uso, na yote mekundu. Onja mti kwa mti. Wakamuaji wazoefu wanaijua miti yao kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake, na hawachanganyi ovyo. Bibo la kutafuna likikupa utamu kwanza, kisha uchachu, na ukakasi ukaja mwisho na kuondoka baada ya muda mfupi, mti huo unafaa. Ukakasi ukitangulia, waachie mbuzi.

Kisha upya wake. Korosho huvunwa kwa kuokotwa, maana tunda lililoiva huanguka lenyewe, na hapo saa inaanza kuhesabu. Bibo lililoanguka halimalizi siku bila kuanza kuoza. Liokote asubuhi, lile la usiku wa jana na alfajiri ya leo. Lishike: ngozi iwe imevutika na kung'aa, kidole gumba kikibonyeza kirudishwe. Sasa ligeuze. Upande uliolala chini ndio unaosema kweli. Pakiwa pamebadilika kuwa kahawia na maji yanatoka yenyewe, kuna uchachu umeshaanza pale usioutaka. Bibo moja la namna hiyo ndani ya ndoo halitaua uraka wote, ila kumi yatatosha.

Jambo jingine ambalo walaji wa mjini hawaliulizi ni dawa. Mikorosho inapochanua, katikati ya mwaka, wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Salfa iliyobaki kwenye tunda ikiingia kwenye ndoo, chachu huigeuza kuwa hewa yenye harufu ya yai viza. Ukifunua chombo ukakutana na harufu hiyo, usidanganywe kwamba ndivyo uraka ulivyo. Hayakuoshwa mabibo hayo. Viuatilifu vya wadudu ni hatari zaidi kwa sababu havitoi harufu ya kukuonya. Muulize mwenye shamba amepuliza lini mara ya mwisho, na asipojua, nenda kwingine. Mti wenye majimoto wengi, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, aghalabu haujapigwa dawa ya wadudu karibuni. Wanauma kweli, lakini ni dalili njema.

Kukamua kwenyewe si kazi ya maelezo marefu. Sokota korosho zote uzitoe kabla ya kuponda, bila kusahau hata moja, kwa kuwa ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na ganda moja likipondeka ndani ya kinu wanywaji watapata malengelenge ya midomo. Osha mabibo kwa maji safi, ponda au kamua kwa mkono, chuja kwa kifumbu au kitambaa safi, mimina kwenye mtungi au ndoo ya plastiki ya chakula. Madumu yaliyowahi kubeba dawa ya korosho au mafuta ya taa yasikaribie. Chombo cha chuma nacho kiepuke: ukakasi wa bibo ukikutana na chuma hutoa weusi, na uraka wenye rangi ya maji ya wino umetoka kwenye chombo kibaya hata kama aliyeukamua anaapa. Vaa nguo chakavu. Doa la bibo halitoki.

Funika kwa kitambaa, usikaze kifuniko, kwa sababu hewa inayotoka lazima ipate njia. Na hapa mwanafunzi akae jirani na chombo chake, asikilize. Kwa joto la Novemba la kule, maji yaliyokamuliwa asubuhi huanza kutoa viputo jioni ya siku hiyo hiyo. Kwanza viputo vinapanda kimoja kimoja pembeni, kisha povu jeupe linafunga uso wote, na ukiweka sikio unasikia mchemko mdogo usiokatika. Kesho yake ni uraka. Maji ya bibo yana sukari ya asilimia 10 hadi 12 hivi, kwa hiyo yakichachuka hadi mwisho huweza kufikia kilevi cha asilimia 5 au 6, kiasi cha bia ya chupa. Uraka wa siku moja haujafika huko, na ndiyo maana bado una utamu. Keshokutwa yake utamu umekwisha, kilevi kimepanda, na bakteria wa siki wameshapata mlango. Kuna watu huutaka uraka wa siku ya tatu kwa sababu ya nguvu zake. Kwangu mimi hao wanakunywa siki yenye kilevi, na bei wanayolipa ingetosha kununua kitu kizuri.

Ukiletewa kata, usinywe mara moja. Tazama. Uraka mzuri una ukungu wa manjano hafifu, mfano wa maji ya embe yaliyoongezwa maji, na viputo vidogo vinaendelea kupanda baada ya povu la kumimina kutulia. Kioevu kilicholala kimya kimechoka au kimeongezwa maji. Kung'aa sana si sifa. Anayetaka kuupunguza ukakasi anaweza kumimina uji mwepesi wa mchele kwenye maji mabichi ya bibo, akaacha kinacholeta ukakasi kijikusanye na kuzama, kisha akachuja. Jimboni Kerala, India, sharubati ya mabibo hutayarishwa hivyo, na wanga wa muhogo nao unafanya kazi. Hiyo njia naipendekeza hasa kwa wasiotumia kilevi: sharubati iliyosafishwa hivyo, ikachemshwa na kupozwa, ni kinywaji cha heshima mezani.

Nusa. Harufu ya bibo bichi iwe mbele, harufu ya chachu nyuma yake. Harufu kali ya dawa ya kutolea rangi ya kucha ni ishara ya uchafu wa chombo au joto lililozidi, na hiyo haiponi kwa kusubiri. Kisha onja funda dogo, ulizungushe, umeze. Ukakasi utakaa kwenye ulimi. Huo ndio uraka, usioupenda kabisa anywe kitu kingine. Swali ni kama unaondoka. Ukibaki kooni na kukukohoza, mabibo yalipondwa sana hadi nyuzi zikatoa kila kilichomo, au miti ilichaguliwa vibaya. Ulioongezwa sukari utaujua kwa utamu unaokuja peke yake bila harufu ya tunda, na midomo inayonata.

Msimu ukiisha, watu hurudi kwenye nafaka, na huko ujuzi unahamia kwenye kimea. Chukua punje ya kimea cha mtama, ivunje kwa meno: iwe laini ya unga, tamu, isiyo na harufu ya uvundo. Kimea chenye ukungu wa kijani au mweusi kitupwe chote, usichague kilicho kizuri ndani yake. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na kuchemsha hakuiondoi. Vichipukizi vya mtama navyo vina sumu yake, ndiyo maana kimea huanikwa na kupukuchuliwa kabla ya kusagwa. Kwa anayeanza, pombe ya mtama ni safari ndefu. Aanze na togwa. Pika uji mzito, uache upoe hadi kidole kivumilie, koroga kimea ndani. Mwiko uliokuwa unasimama utaanza kuteleza, uji unakuwa mwepesi machoni pako na utamu unapanda bila sukari. Usipolegea, kimea kilikufa kwa moto au hakikuwa kimea.

Kuhusu gongo, pombe ya kukeneka, nitasema machache. Kule Goa, India, ambako Wareno walipeleka mkorosho uleule wa Brazil waliouleta pwani yetu, pombe ya mabibo iliyokenekwa iitwayo feni ililindwa kisheria mwaka 2009 kama bidhaa ya eneo hilo. Kwetu kukeneka gongo nyumbani kulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966. Mbali na sheria, mtambo wa pipa na bomba la kuokoteza unaweza kutia madini ya sumu ndani ya pombe, na mnywaji hana ulimi wa kuyatambua. Mwongozo wa kuonja unakoma pale ulimi unapokosa msaada. Uraka wa kunywa nyumbani ni jambo moja. Ukitaka kuuza, pita halmashauri ukachukue leseni.

Basi msimu ujao anza kidogo. Omba miti miwili ambayo umeionja, okota asubuhi, kamua ndoo moja kwa kila mti na usizichanganye. Zionje jioni, zionje kesho yake asubuhi na mchana, uone ipi inashuka mapema. Na uraka uliopita siku ya pili usimpe mgeni. Uache uwe siki ya kachumbari, kazi ambayo unaiweza vizuri kabisa.